Bustani ya Forodhani, Unguja: nendeni alasiri, msingoje usiku

Mwalimu wa Morogoro (mwenye uzi)

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Kila mtu anapouliza hapa afanye nini akiwa Unguja kwa siku moja au mbili, jibu analopewa ni lile lile: nenda Forodhani usiku, ukale. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa jibu hilo miaka kadhaa iliyopita, nikalifuata, na nikarudi bara nikiwa nimeshiba lakini sina la kusimulia zaidi ya bei ya kamba. Mwezi uliopita nimekwenda tena, safari hii nikiwa na mama yangu mzazi na wanangu wawili, na kwa kuwa miguu ya mama haitaki haraka tulijikuta tumekaa pale bustanini tangu saa tisa na nusu alasiri hadi karibu saa tatu usiku. Ndipo nilipotambua kwamba ile safari ya kwanza nilifika wakati shughuli yenyewe imekwisha.

Kwa asiyepajua, Forodhani ni bustani ya wazi iliyo ufukweni mwa Mji Mkongwe, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), na haina kiingilio. Tulishuka botini Malindi baada ya mwendo wa kama saa mbili kutoka Dar es Salaam, tukawapita madereva wa teksi na mapapasi, wale vijana wanaowatafutia wageni hoteli na safari, waliotupokea kwa bashasha kuliko ndugu zetu wa damu, kisha tukakunja kulia na kuifuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wetu wa kulia. Njiani mtaipita ile Zahanati ya Zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa, mtapumzika kidogo chini ya ule mti mkubwa uitwao Mtini, mtalipita jumba la kifalme ambalo sasa ni makumbusho, na mkifika penye Beit al-Ajaib mmeshafika. Mtu mwenye miguu mizima hutumia dakika 10 hadi 15. Sisi tulitumia nusu saa, na sijutii, kwa sababu mama alisimama kila penye mlango wenye nakshi akauliza nani anaupaka mafuta.

Saa hiyo ya alasiri bustani haina harufu ya chakula hata kidogo. Meza zimefunikwa maturubai, majiko yamelala, na waliopo ni wenyeji: wanafunzi waliotoka shule wakiwa bado na sare, wazee wawili wamekaa kivulini wakibishana juu ya mechi ambayo mmoja wao hakuitazama, kina mama wenye watoto wanaogombania bembea, na paka wasiohesabika ambao kila mmoja ana benchi lake. Katikati kuna kile kibanda cha bendi cha zamani, na upande wa bahari kuna mizinga mikongwe iliyoelekezwa majini, ambayo kazi yake siku hizi ni kupandwa na watoto wanaopigwa picha. Wanangu walipanda. Mimi pia nilipanda, ila picha hiyo sitaiweka hapa.

Mama aliketi kwenye benchi linalotazama bahari, karibu na mwanamke mmoja wa makamo aliyevaa buibui, ambaye alisogeza kapu lake bila kuombwa. Wakaanza kuulizana, kwanza hali, halafu kwao, halafu watoto, na baada ya dakika chache wakawa wanazungumza kana kwamba walikuwa majirani. Mama akamuuliza kama anasubiri chakula cha usiku. Yule mwanamke akacheka na kumjibu, "Sie hapa twaja kupunga upepo, bibie. Chakula twakipika nyumbani." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike uzi huu. Watu wa mjini, ambao nyumba zao ni za mawe na vichochoro vyake havipitishi upepo wa kutosha, wanatoka alasiri kuja kukaa mbele ya bahari, wakutane, waonane, watoto wakimbie, kisha warudi. Mgeni anayefika saa mbili usiku hukuta wengi wao wameshaondoka, akaona meza za chakula na wageni wenzake, akadhani hiyo ndiyo Forodhani.

Kuanzia kama saa kumi na moja vijana walianza makachu. Ambaye hajaona, ni hivi: kijana anasimama mbali na ukuta wa bahari, anajipima, anakimbia pekupeku juu ya sakafu ya mawe, na akifika ukingoni anajirusha, akajipinda hewani mara moja au mbili kabla ya kuyafikia maji. Siku ile walikuwapo watoto ambao sidhani walizidi miaka kumi na mmoja, na walikuwapo watu wazima wenye misuli. Mmoja aliruka akiwa amevaa kanzu na kofia, na alipoibuka kofia ikawa inaelea peke yake upande wa pili. Umati mzima ukamwelekeza kwa vidole. Mtoto wangu wa kiume alinishika mkono kwa nguvu kila waliporuka, na nilielewa kwamba hanishiki kwa hofu bali anataka nimwachie. Sikumwachia.

Jua lilipokaribia kuzama, meza zikafunuliwa na mkaa ukawashwa. Kisha adhana ya magharibi ikaanza kutoka msikiti mmoja, ukafuata wa pili na wa tatu, hazikuanza pamoja wala hazikuisha pamoja, na bustani ikapungua watu kwa muda. Mashua zilizokuwa zikirudi kutoka kisiwa cha Changuu zilikuwa zimekwishavutwa ufukweni pembeni. Mama alisema angependa tubaki hapo hapo mpaka giza liingie, na tukabaki.

Chakula nacho sikidharau. Nilisimama mbele ya meza ya anayetengeneza piza ya Zanzibar kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Anachukua donge la unga lisilozidi ndimu, analitandaza kwa viganja kwenye meza iliyopakwa mafuta mpaka linakuwa jembamba unaona rangi ya meza chini yake, anaweka kipande kidogo cha pili katikati ili lisitoboke, nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili hoho, jibini, mayonezi kidogo, anavunja yai juu yake na kuvichanganya pale pale kwa ncha ya kijiko, anakunja pembe nne, na kuutelezesha mzigo wote juu ya chuma cha moto. Hakuna tone lililomwagika. Juisi ya miwa nayo ni ya kutazamwa: muwa unapitishwa kwenye mashine, ukitoka unakunjwa, unawekewa ndimu na tangawizi katikati, unarudishwa tena, na tena, mpaka kinachotoka ni makapi makavu.

Kosa langu lilikuwa kwenye meza ya samaki. Niliagiza mishkaki miwili ya pweza na mmoja wa kamba bila kuuliza bei; mwuzaji akaniongezea chapati, mkate wa nazi na kachumbari ambavyo sikuviomba, akavipanga vizuri kwenye sahani kama anayenikirimu, na mwisho akanitajia jumla iliyonifanya nimtazame mama. Mama akaniambia kwa Kiluguru jambo ambalo sitalitafsiri. Nililipa, kwa sababu tulikwisha kula. Ulizeni bei kabla, kila kitu kwa jina lake, na kisichoagizwa kirudisheni kabla ya kukigusa.

Nakaribisha maoni, hasa ya wenyeji. Nilisoma mahali kwamba Ngome iliyo nyuma ya bustani ilijengwa na Wareno, na kwamba bustani yenyewe ni ya enzi za Mwingereza. Mwenye kujua zaidi atuongezee.

Mgeni wa Kigamboni

Mwalimu, umeandika vizuri, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo. Mimi nimekwenda Forodhani mara tatu, na kila mara nimetoka na hisia kwamba pale pamepangwa kwa ajili ya mwenye dola. Wapishi wamevaa kofia ndefu nyeupe kama za hotelini, kila mmoja anakuita kwa Kiingereza, kwa Kiitaliano, hata kwa lugha nisizozitambua, na ukijibu kwa Kiswahili uso wake unabadilika. Hiyo piza uliyoisifu si chakula cha Kizanzibari cha kale. Hakuna bibi wa Unguja aliyempikia mumewe piza. Isitoshe, nilikaa pale siku nzima ya Jumamosi nikisubiri hayo makachu na sikuona hata mtoto mmoja akiruka. Bahari ilikuwa imerudi chini, mawe yametokeza, na vijana wameketi ukutani wakichezea simu. Nikaona ni hadithi za watu wa mitandaoni.

Mkaazi wa Shangani

Assalaam alaykum wanajamvi. Mwalimu ameomba wenyeji waongeze, nami nimezaliwa dakika tano kutoka hapo, basi nitasema ninayoyajua.

Kwanza Ngome. Wareno walikuwa na kanisa mahali hapo, lakini ngome yenyewe ni kazi ya Waarabu wa Oman, walioijenga baada ya Wareno kuondolewa katika mwambao huu mwishoni mwa karne ya 17. Ukiingia ndani utaonyeshwa mabaki ya ukuta wa kanisa la kale yaliyomezwa na ukuta wa ngome. Mzee wangu alikuwa akisema kwamba ngome hiyo imefanya kila kazi isipokuwa kupika: imekuwa jela, imekuwa karakana ya reli ya Bububu, na leo ni uwanja wa tamasha la muziki la Sauti za Busara na wa Tamasha la Nchi za Jahazi. Ndiyo, tulikuwa na gari moshi hapa, mwanzoni mwa karne ya 20, na kituo chake kilikuwa hapo hapo ngomeni.

Pili, jina. Forodhani ni penye forodha. Kabla ya kuwa bustani, hapo ndipo mizigo ilipotozwa ushuru: karafuu na pembe za ndovu, na, tusifiche, watu pia walipimwa kama bidhaa na kulipiwa ushuru kwa kichwa mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku kwa mkataba wa 1873. Kazi ya kukusanya ushuru masultani waliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Nyumba ya Jairam Shivji iliishika kwa miaka mingi, na baadaye Tharia Topan, ambaye ndiye aliyeanzisha ujenzi wa ile Zahanati ya Zamani uliyoipita, Mwalimu, ukiwa na mama. Bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, shughuli za mizigo zikahamia huko, na uwanja huu ukabaki hauna kazi. Katikati ya miaka ya 1930 ukafanywa bustani kwa ajili ya jubilei ya miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Harub, ikaitwa Bustani ya Jubilei. Kwa hiyo ni ya enzi za Mwingereza, lakini aliyesherehekewa ni Sultani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa Bustani ya Jamhuri. Majina yote mawili yameandikwa kwenye makaratasi. Sisi tumeendelea kuiita kwa jina la ushuru.

Ufukweni pana kijengo kidogo cha tao ambacho wageni hupita bila kukitazama. Kilijengwa 1956 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Margaret wa Uingereza. Siku hizi wavuvi hufungia kamba zao karibu na hapo, na mchana wa jua kali watu hulala kivulini mwake.

Tatu, matengenezo. Wenye umri wangu wanakumbuka Forodhani ya miaka ya 1990: ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi, vipande vimeangukia majini, mvua ya masika ikinyesha pale katikati panageuka bwawa, na usiku taa ni karabai za wauzaji wenyewe, kila mmoja na yake, zikivuma kama nyuki. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulianza kuitengeneza Januari 2008 na ikafunguliwa upya mwishoni mwa Julai 2009. Walijenga upya ukuta wa bahari, wakatia mifereji, taa, njia za mawe, bembea za watoto, na meza za chakula zikapangiwa upande wake. Wako waliolalamika kwamba imekuwa safi mno. Mimi nazikumbuka karabai kwa mapenzi, lakini silikumbuki lile bwawa kwa mapenzi.

Ndugu yangu wa Kigamboni, hilo la dola nakubaliana nawe nusu. Bei za meza za mbele, zile zenye mwanga mwingi na kamba waliopangwa kama mashada ya maua, si za kwetu, na sisi hatuzigusi. Ila tazama upande wa nyuma, kwenye urojo, kwenye mihogo na kwenye miwa: foleni ni ya nani? Na kuhusu mji kwa jumla, Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, sifa hiyo imeleta wageni na imepandisha kodi za nyumba, na wengi wetu tumehamia Ng'ambo, Mwanakwerekwe na Mbweni. Lakini waliohamia bado wanarudi alasiri kukaa Forodhani. Jirani yangu wa zamani hupanda daladala kutoka Fuoni, anakaa saa mbili, hanunui hata kashata, anarudi. Kwake hiyo ndiyo baraza yake, ile ya nyumba aliyoiacha hana tena.

Jambo linalonichoma ni jirani yetu, Beit al-Ajaib. Jumba lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, likanusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, sehemu yake ya mbele iliporomoka yenyewe tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, na watu wakapoteza maisha. Nilikuwa upande wa pili wa bustani. Kilichotangulia ni mlio wa mbao, kama jahazi linalogeuza tanga, kisha vumbi likaja juu ya nyasi mpaka kwenye mabenchi ya baharini. Mnara wa saa ambao tuliutumia kujua muda wa kurudi nyumbani haukuwapo tena. Hadi leo nikiketi pale huwa nageuza shingo kutazama saa.

Mama Mdogo wa Wete

Mkaazi wa Shangani, Mungu akulipe kwa maelezo. Mimi ni Mpemba lakini nimeuza vitu vya kukaanga Unguja kwa muda, ingawa si hapo Forodhani penyewe, na ningependa kumwambia huyo ndugu wa Kigamboni kwamba ni kweli piza si ya bibi zetu. Basi asile piza. Aende kwenye urojo.

Urojo mzuri huujua kwa rangi na kwa uchachu. Mchuzi wenyewe ni unga na embe mbichi, au ndimu pale embe lisipokuwapo, umetiwa manjano, na haufai kuwa mzito wa kusimamisha kijiko. Ndani unakuta viazi vilivyochemshwa, badia, kachori, kipande cha mishkaki, juu yake chatne ya nazi, pilipili na chipsi nyembamba za muhogo ambazo lazima ziliwe haraka kabla hazijalainika. Mwuzaji anayekumwagia mchuzi juu ya chipsi halafu akaanza kuzungumza na mteja mwingine, huyo hajui kazi yake.

Kuhusu samaki: mwenzenu hanunui kipande kilichokwisha kuiva na kupangwa, kwa sababu sijui kimepashwa moto mara ngapi. Namwambia anichomee kilicho kibichi mbele ya macho yangu. Pweza aliyechemshwa leo ngozi yake imeng'ang'ania na inang'aa; wa jana ngozi inachubuka ukimgusa kwa kidole, na rangi yake imefifia. Wakikuambia ni nguru, tazama mfupa na ngozi, kwa sababu usiku kila samaki mweupe huitwa nguru. Na uende mapema, saa moja unusu hivi, wakati mkaa umeshika lakini meza bado zimejaa. Saa nne usiku ni ya mabaki.

Mwalimu, msalimie mama. Hayo aliyokuambia kwa Kiluguru nimeyaelewa bila kuyasikia.

Mwalimu wa Morogoro (mwenye uzi)

Nawashukuru sana. Nakubali kusahihishwa kuhusu Ngome; nimewasomea wanangu maelezo ya Mkaazi wa Shangani, na yule wa kike ameuliza kwa nini mahali watu walipotozwa ushuru kama mizigo pakaja kuwekwa bembea. Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia kwamba tukienda tena tutaanzia Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, ndipo tushuke Forodhani, ili avione vyote viwili siku moja.

Mama Mdogo, salamu zimefika. Mama anasema chatne ya nazi aliikosa na anadai alidhulumiwa mara mbili.

Ila hoja ya ndugu wa Kigamboni kuhusu makachu haijajibiwa. Sisi tuliyaona kwa macho, na yeye alikaa siku nzima asiyaone. Nani anajua sababu?

Mrukaji Mstaafu

Sababu ni maji. Nimeruka pale tangu nikiwa darasa la nne mpaka goti liliponikataza, kwa hiyo nitajibu.

Watu wa bara mnadhani bahari ipo tu. Hapa inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa inazidi mita 3. Chini ya ukuta wa Forodhani kuna mchanga, kuna mawe, kuna vipande vya ukuta wa zamani. Maji yakiwa yamepwa, anayeruka anaruka juu ya mawe. Hakuna mrukaji mwenye akili atakayefanya hivyo kwa sababu mgeni ameshika simu, na nimewahi kumwona mmoja aliyefanya hivyo kwa dau. Hakutembea vizuri tena.

Hesabu yake ni ya mwezi, mwezi wa angani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo siku za bamvua, na kwetu Unguja siku hizo maji hujaa alfajiri na tena alasiri, kama saa kumi au saa kumi na moja. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa muda usiofika saa nzima. Kwa hiyo siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu maji yanajaa jua likiwa linashuka, na hapo ndipo mtakapowaona vijana wote wa Malindi, Funguni na Shangani. Mwalimu alibahatisha siku hizo. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari inajaa kabla ya adhuhuri, wakati jua ni kali na hakuna watazamaji, na alasiri imepwa. Ndugu wa Kigamboni bila shaka alikwenda mwezi ukiwa nusu. Vijana aliowaona wakichezea simu walikuwa wanajua, angewauliza wangemwambia.

Jambo jingine. Msiwape watoto wadogo pesa ili waruke zaidi. Wakubwa wanaojua wanachokifanya wapeni, ni jasho lao. Lakini mtoto akishaona noti, anaruka hata wimbi likiwa limegeuka, na wimbi linarudi kutoka ukutani kwa nguvu.

Mgeni wa Kigamboni

Nimefungua kalenda ya simu nikatazama ile Jumamosi. Mwezi ulikuwa nusu kamili. Nanyamaza kuhusu makachu, ila kuhusu kofia ndefu za wapishi sijabadili mawazo.

Nina swali moja. Nafikiria kuja na familia Ramadhani ijayo. Je, inafaa, au bustani inafungwa?

Mkaazi wa Shangani

Haifungwi, na karibu sana. Ila mchana usile wala kunywa hadharani, hata kama hufungi, na hata watoto wakubwa wafundishe. Meza zenyewe hutazikuta mpaka jua lizame. Wengi wetu hufuturu nyumbani, kwa hiyo wakati wa magharibi bustani huwa kimya kuliko siku yoyote, unaweza kulisikia wimbi likipiga ukuta. Baada ya tarawehe ndipo watu wanapomiminika, na wanakaa mpaka usiku wa manane, watoto nao macho. Usiku huo utatusikia tukizungumza Kiswahili zaidi ya lugha nyingine yoyote, na kofia ndefu zitakuwa chache.

Kwa makachu, mtoe Mrukaji Mstaafu wasiwasi kwa kuja mfungo kumi na sita au kumi na saba. Mwezi wa Ramadhani ni wa kuandama, kwa hiyo hesabu ya maji na hesabu ya saumu ni moja. Sijui tu kama vijana watakuwa na nguvu za kuruka kabla ya kufuturu.

Mrukaji Mstaafu

Wanaruka. Wanasema maji yanapoza kiu. Wazee wanawakemea wasiyameze, nao wanaapa hawayamezi.